Nani Anamlipa Mwindaji?

Nyanya yangu huwa hatazami runinga. Huisikiliza. Taarifa ya habari ya saa moja jioni, mazishi ya watu wakubwa, basi. Vingine vyote kwake ni kelele za watoto. Ndiyo maana Jumapili ile aliponikuta sebuleni kwake Majengo, Pumwani, nimewakodolea macho vijana wawili wa Kimarekani wanaochokora kinywa cha kichwa kilichokatwa, nilijua nitaambiwa nizime uchafu huo. Hakuniambia. Aliketi, akavuta leso mabegani, akauliza wanatafuta nini mdomoni mwa maiti.

"Meno, nyanya. Wanataka kujua kama alikuwa mnyonya damu."

"Mumiani?"

"Kama mumiani. Hawa kazi yao ni kuwawinda."

Akatazama kidogo. Kisha akauliza jambo ambalo mimi, niliyeifuata tamthilia hii tangu enzi za DVD za shilingi hamsini, sikuwahi kujiuliza hata siku moja: "Na hao wawindaji, nani anawalipa?"

Tamthilia yenyewe ni Supernatural, kazi ya Eric Kripke, iliyoanza kuonyeshwa Marekani Septemba 2005 na kuisha Novemba 2020 baada ya misimu 15 na sehemu 327. Kama wewe ni mtu wa Nairobi wa rika langu, huenda uliipata kwenye duka la filamu, lile la mlango mmoja lenye kompyuta nyuma ya kaunta na orodha ndefu iliyobandikwa ukutani. Ulipeleka flashi yako, kijana akakujazia msimu mzima huku akikusimulia mwisho wake bila kuombwa. Ndugu wawili, Sam na Dean Winchester, wanazunguka nchi ndani ya Impala nyeusi ya mwaka 1967, na kila mji una zimwi lake. Hawana ofisi wala mshahara. Wanaishi kwa kadi za benki za kughushi na pesa wanazowala walevi kwa kamari kwenye baa.

Hilo ndilo jibu nililompa nyanya. "Basi ni wezi," akasema, na nikaona moyo umemtulia kidogo. Mwizi anaeleweka. Mtu anayekesha usiku kucha na panga akiwafuata watu wengine, halafu hakuna anayemlipa, huyo ndiye wa kuogopwa.

Sehemu tuliyokuwa tukitazama inaitwa "Bloodlust", ya tatu katika msimu wa pili, ya Oktoba 2006. Niseme mapema msimamo wangu: katika sehemu zote za wanyonya damu ambazo tamthilia hii imetoa, hii ndiyo bora, na ubora wake hauko kwenye damu. Uko kwenye swali la nyanya. Waandishi walilikaribia sana, wakaligusa, kisha wakaogopa kulimaliza.

Kanuni za wanyonya damu zilikuwa zimewekwa msimu uliotangulia. Msalaba hauwatishi. Kigingi cha moyoni hakiwaui. Jua linawababua tu, kama mzungu aliyelala ufuoni Diani. Yanayowaweza ni mambo mawili: kukatwa kichwa, na damu ya maiti, ambayo kwao ni sumu inayowalegeza. Meno yao ya kazi hayaonekani mpaka yahitajike. Chonge hushuka juu ya meno ya kawaida. Maana yake ni kwamba ukimwona mtaani hutamjua, na ili uwe na hakika lazima umguse mdomo. Utakumbuka hilo baadaye.

Ndugu hawa wanafika Red Lodge, katika jimbo la Montana. Ng'ombe wanakufa kwa namna isiyoeleweka, na kuna watu waliokatwa vichwa. Mtazamaji anapiga hesabu ya kawaida: kuna zimwi, kuna maiti, maiti ni za watu, zimwi ndilo muuaji. Kumbe hesabu imepinduliwa. Waliokatwa vichwa ndio wanyonya damu. Anayewakata ni mwindaji mwenzao, Gordon Walker, anayeigizwa na Sterling K. Brown miaka mingi kabla hajawa mtu wa kubeba tuzo za Emmy. Na ng'ombe wanakufa kwa sababu kundi la wanyonya damu linaloongozwa na mwanamke aitwaye Lenore limeamua kuacha damu ya watu na kushika ya mifugo.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo Mnairobi anapocheka mahali ambapo Mmarekani anatakiwa kushtuka.

Lenore anaeleza jambo la damu ya ng'ombe kwa aibu, kama mtu anayekiri ugonjwa. Ni chukizo, anasema, lakini inawawezesha kuishi. Sasa ipeleke kauli hiyo Kajiado. Wamaasai na Wasamburu wametoa damu ya ng'ombe kwa karne nyingi, mshale mfupi shingoni, kibuyu chini, jeraha likazibwa na mnyama akarudi malishoni akiwa mzima. Yaani wanafanya alichofanya Lenore, ila kwa ustadi zaidi, maana ng'ombe wao hafi. Au usiende mbali. Simama jioni kwenye kona yoyote ya Eastlands, pale moshi unapopanda kwenye jiko la mkaa, uone foleni ya watu waliofunga tai wakisubiri kukatiwa mutura, ule utumbo uliojazwa na kuchomwa, ya shilingi ishirini na kachumbari. Ndani ya mutura kuna nini? Tusidanganyane.

Nyanya, kwa upande wake, ni Mwislamu wa Majengo. Mutura hata moshi wake huupita upande wa pili wa barabara, kwa kuwa damu ni haramu, hakuna mjadala. Lakini muuzaji mutura wa kona ile amekuwa jirani yake miaka yote ninayoikumbuka, humbebea mtungi wa gesi hadi mlangoni na hupokea kwake sahani ya biriani kila Idi. Kila mmoja anajua kilicho kwenye sufuria ya mwenziwe. Hakuna aliyenoa panga. Wahenga waliposema zimwi likujualo halikuli likakwisha, hawakuwa wakifundisha uwindaji. Walichukulia kwamba zimwi ni jirani, kwamba mtakutana kisimani kesho, na kwamba kujuana ndiko kunakopunguza kung'atana. Red Lodge haina methali hiyo. Huko mambo ni mawili: ama wewe ni mtu, ama unakatwa.

Turudi kwenye mshahara.

Nyanya alikulia Pumwani, mtaa ambao serikali ya kikoloni iliuanzisha mwanzoni mwa miaka ya 1920 uwe makao rasmi ya Waafrika mjini. Watoto wa siku zake, anasema, walipoona gari jekundu la zimamoto walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Si kwa sababu ya king'ora. Wakubwa walikuwa wamewaambia kwamba wale watu hawakuajiriwa kuzima moto. Waliajiriwa kukusanya damu. Usiku walipita wakiokota aliye peke yake, na damu ikapelekwa mahali ikawa dawa ya wenye nchi.

Hadithi hizi hazikuwa za nyanya pekee. Mwanahistoria Luise White aliwahoji akina mama wazee wa Pumwani katika miaka ya 1970, na baadaye akaandika kitabu kizima, Speaking with Vampires, kilichotoka mwaka 2000. Aliikuta habari ileile Uganda, ambako pia waliitwa watu wa kuzima moto. Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walikuwa banyama. Kwingineko Afrika Mashariki, chinjachinja. Ninachompendea White ni kwamba hakuwacheka wasimulizi na wala hakuwaamini kibubusa. Aliuliza hadithi zinazungumzia nini. Jibu lake, kwa maneno yangu, ni kwamba zinazungumzia kazi: nani ana sare, nani ana gari, nani anatumwa usiku na hawezi kusema ametumwa kufanya nini.

Hata neno lenyewe lina historia ya duka la dawa. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson, ya mwaka 1939, inaeleza kwamba mumiani ni kitu cheusi kama gundi, dawa ya mifupa iliyovunjika na maradhi mengine, kinachosemekana kuletwa kutoka Uajemi. Kisha inaongeza kwamba watu wengi wanaamini ni damu ya binadamu iliyokaushwa, na kwamba uvumi wa mumiani ukianza, mji hujaa hofu na watu hawatoki nje baada ya jua kutua. Kwa hiyo neno lilianza likiwa jina la bidhaa. Baadaye ndipo likawa jina la mtu anayeitafuta.

Tazama basi tofauti. Mnyonya damu wa Ulaya ana njaa yake mwenyewe. Anakunywa ili aishi. Mumiani wetu hanywi chochote. Damu haimshibishi. Anapeleka ndoo, anatia saini, anapokea chake mwisho wa mwezi na kwenda nyumbani kwa mkewe. Hana chonge wala kaburi, ana zamu. Mtoto wa Pumwani hakufundishwa kuchunguza meno ya mtu. Alifundishwa kuchunguza gari.

Ukimtazama Gordon Walker kwa jicho hilo, sehemu nzima inabadilika. Kuna tukio la baa ambalo zamani nililipitisha harakaharaka nikisubiri mapigano. Gordon na Dean wanakunywa. Baba yake Dean amekufa wiki chache tu nyuma, na kijana hajalia. Gordon anamsimulia jinsi mnyonya damu alivyovunja dirisha na kumchukua dada yake, yeye akiwa ndiyo kwanza anatimiza miaka 18. Halafu anaeleza uzuri wa kazi yao: watu wengine wanahangaika maisha yao yote na lipi sawa lipi si sawa, lakini wao hapana. Unakipata kibaya, unakiua. Hakuna labda.

Huo ndio mshahara. Gordon analipwa kwa kutokuwa na shaka. Ni malipo makubwa kuliko pesa, na Dean, aliyefiwa, anayatamani kwa macho yote mawili. Muda mfupi kabla ya hapo ameshamkata kichwa mmoja wa kundi la Lenore kwa msumeno wa kiwandani, damu ikamrukia usoni, na Sam akamtazama ndugu yake kama anamwona mara ya kwanza. Baadaye tunajua kwamba kundi lile halikuwa likiua watu. Yaani Dean ameua asiye na kosa, mbele yetu, na sisi tumeshangilia kwa sababu tumezoea kwamba steringi hakosei. Kwenye vibanda vya video tulikokulia kulikuwa na sheria moja tu ya sinema: steringi hafi. Hakuna aliyetuambia kwamba steringi anaweza kuwa na makosa na bado akatoka mzima.

Sam anapotekwa na kundi la Lenore kisha kuachiliwa bila hata mkwaruzo, anarudi akisema hawa hawaui. Dean anamjibu kwamba kama si kiumbe cha kawaida, kinauawa, ndiyo kazi. Sam anamwambia hapana, kazi ni kuwinda uovu. Kama hawaui watu, uovu uko wapi? Majibizano haya ni sentensi chache tu, na ndiyo uti wa mgongo wa misimu yote 15. Mtu anahukumiwa kwa alivyo, au kwa alilotenda?

Lakini linalonikaa rohoni zaidi ni simu. Sam anampigia Ellen, mama mwenye baa ambako wawindaji hupumzika, kumuuliza habari za Gordon. Ellen anamjua. Anakiri kwamba ni mwindaji hodari, kisha anawaambia wakae naye mbali, kwamba ni hatari. Basi. Wote wanaomjua wanajua. Hakuna aliyewahi kumzuia, maana anaua wanaostahili, na wakati mwingine wasiostahili, na kuzitenganisha hesabu hizo ni kazi inayochosha.

Nani Nairobi hajawahi kuipiga simu hiyo? Kila mtaa wa Eastlands umewahi kuwa na askari wake anayejulikana kwa jina la utani, anayesifiwa mitandaoni kwa "kusafisha", ambaye picha za vijana waliolala kifudifudi husambaa pamoja na jina lake. Wanaomsifu si watu wabaya. Wameibiwa simu, wamechomwa visu, wamechoka. Ripoti huisha kwa bastola ya kujitengenezea iliyookotwa kando ya maiti. Oktoba 2022 Rais William Ruto alitangaza kuvunjwa kwa SSU, kikosi maalumu cha idara ya upelelezi, DCI, baada ya kuhusishwa na mauaji na kupotea kwa watu. Kikosi kile hakikuanguka kutoka mbinguni siku ile. Kilikuwa na ofisi, kilikuwa na magari, kilikuwa kwenye bajeti. Kwa swali la nyanya, hapo jibu lilikuwa fupi: tulikuwa tunakilipa sisi.

Uwindaji nao hauhitaji bajeti wakati wote. Mwaka 2017 kusini mwa Malawi uvumi wa wanyonya damu ulienea hadi Umoja wa Mataifa ukawahamisha wafanyakazi wake kutoka wilaya za Mulanje na Phalombe. Serikali ikaweka marufuku ya kutembea usiku. Watu waliokufa katika mkasa ule hawakuumwa na zimwi. Waliuawa na makundi yaliyokuwa yakisaka mazimwi. Oktoba 2021 huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa madai ya uchawi. Katika matukio haya yote kulikuwa na akina Gordon wengi waliojitolea bila malipo, wakilala usingizi mzito kwa kuwa hawakuwa na labda.

Sasa tukio lenyewe la mwisho. Gordon amemfunga Lenore kitini na kumchoma damu ya maiti mpaka hana nguvu. Dean na Sam wanamkuta. Ili kuthibitisha kwamba kiumbe hawezi kubadilika, Gordon anamkamata Sam, anamchana mkono, na kuidondosha damu ya Sam usoni mwa Lenore. Chonge zinashuka. Lenore anatetemeka, anageuza uso, anakataa. Hapana, anasema. Hapana.

Jaribio hili limetungwa kwa ujanja, na hapa nawavulia kofia Sera Gamble aliyeandika na Robert Singer aliyeongoza. Akiuma, ni zimwi. Asipouma, chonge zimeonekana, kwa hiyo ni zimwi. Gordon haulizi swali. Anakusanya saini kwenye hukumu aliyokwisha kuiandika. Na muda huohuo anakiri alichokificha baa: dada yake hakuuawa na mnyonya damu. Aligeuzwa kuwa mmoja wao, na Gordon mwenyewe ndiye aliyemfuata akamuua. Sasa unaelewa kwa nini Lenore hawezi kuruhusiwa kuwa mwema. Akiwa mwema, dada mtu naye huenda angeweza kuwa mwema, na Gordon atakuwa mwuaji wa dada yake. Kutokuwa na shaka kulianza kuwa mshahara wake siku ile, na hawezi kuacha kazi.

Dean anamwachia Sam amtoe Lenore nje, anapigana na Gordon, anamfunga kitini. Alfajiri anamuuliza ndugu yake: vipi kama tumewaua wasiostahili? Vipi kama baba alitulea vibaya?

Hapa nina malalamiko. Lenore ni mteja rahisi mno kutetewa. Ana sauti ya upole, amefunga saumu ya damu, amemwachilia mateka, na katika jaribio la mwisho amefaulu kwa alama zote. Huruma ya Sam inategemea ukamilifu wake. Yuko mwenzake, Eli, mwenye hasira, ambaye angependa kulipiza kisasi kwa waliouawa, na ambaye tamthilia inamtupa kando haraka. Mimi ningependa kuona Dean akiambiwa amwachie Eli. Katika mitaa yetu kijana anayeuawa si malaika kila mara. Mara nyingine kweli aliiba simu. Swali gumu halijawahi kuwa kama asiye na hatia aachwe. Swali ni mwenye hatia ana haki gani mbele ya mwenye panga asiye na labda. Hapo ndipo waandishi waliogopa.

Kwa bahati, au kwa werevu, tamthilia ilijirudi. Ty Olsson, aliyemwigiza Eli, alirudishwa msimu wa nane kwa uso uleule na jina jingine, Benny, mnyonya damu mwenye historia chafu ambaye Dean anamfanya rafiki wa kufa na kuzikana, huku safari hii Sam ndiye asiyemtaka. Ni kama waliona deni lao. Gordon naye alilipwa ujira wake msimu wa tatu: aligeuzwa kuwa mnyonya damu, akaendelea kuwinda hivyohivyo, na Sam akamkata kichwa kwa waya. Wengi huisifu sehemu ile kwa kejeli yake. Mimi huniachia ladha chungu. Gordon ni mmoja wa wawindaji weusi wachache sana wa misimu ile ya mwanzo, na tamthilia ikamfanya yeye ndiye mfano wa chuki isiyosikia, kisha ikamgeuza zimwi, kisha ikamkata kichwa kwa mkono wa steringi mweupe. Sisemi walikusudia. Nasema mtazamaji aliyekulia kwenye hadithi ambamo wenye kuchukua damu walitumwa na wazungu hawezi kuacha kuliona.

Kuhusu Lenore, ukweli ni mbaya zaidi, na inabidi niutaje kwa kuwa watazamaji wengi wa misimu ya mwanzo hawakufika huko. Anarudi msimu wa sita. Mama wa mazimwi amewarudishia njaa wote, saumu yake imemshinda, ameua, na yeye mwenyewe anaomba afe. Castiel, malaika wao, anamuua kwa mguso mmoja katikati ya mazungumzo. Sekunde chache. Kwa hiyo miaka mitano baadaye tamthilia ilimpa Gordon jibu alilolitaka, na haikumpa Lenore hata tukio la kuagana. Dean na Sam wanashtuka, kisha wanaendelea na kazi, kwa sababu kuna kazi.

Hayo yote sikumwambia nyanya. Kwenye runinga kulikuwa kumepambazuka Montana, ndugu wawili wamesimama kando ya gari lao wakizungumza polepole, na nilikuwa nikimtafsiria nusunusu. Desemba 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilisema imenakili visa 82 vya watu kutekwa tangu maandamano ya Juni mwaka huo. Yeye alizisikia habari zile kwenye taarifa ya saa moja, moja baada ya nyingine, magari yasiyo na namba, wanaume waliofunika nyuso. Tangu hapo wajukuu hatuondoki kwake baada ya magharibi bila kumtumia ujumbe kwamba tumefika.

"Yule mwanamke alifika salama?" akauliza.

"Alifika, nyanya."

"Na gari lao ni jeusi, au ni macho yangu?"

"Ni jeusi."

Akainuka taratibu, akashika ukuta, akaelekea jikoni kutia maji ya chai. "Letu," akasema akiwa mlangoni, "lilikuwa jekundu."